Watu wa Koti la Baba

Jumanne, 2 Septemba
Picha za pasipoti asubuhi, halafu umeme ukakatika. Mwalimu mmoja alikuja bila koti, nikampa la baba. Limemkaa. Linamkaaga kila mtu. La kahawia, kifungo cha tatu si cha kwake, mama alikitoa kwenye gauni lake.

Baba alikuwaga mpiga picha wa vijijini, Bunda mpaka Kisorya. Mteja asiye na koti alivaa hili. Nusu ya wazee wa ukanda wa ziwa wametundikwa ukutani wakiwa ndani ya koti la baba yangu. Yeye mwenyewe hayupo ukutani popote. Alikufa mimi sijaanza shule. Sanduku la picha lililowa ziwa lilipojaa, hapa hapa Musoma. Sura yake siikumbuki. Inaniuma, basi.

Kaka Magesa kapiga tena. Kaburi la baba kule Butiama linajengewa, msalaba unasimikwa tarehe 20, fundi anataka picha ya kuweka kwenye marumaru. Nikamwambia ninatafuta. Akauliza ninatafuta tangu lini. Nikakata simu.

Jumamosi, 6 Septemba
Kisorya na Neema, msaidizi wangu studio. Ule mradi wetu: tunaingia nyumba zenye picha alizopiga baba, mtoto au mjukuu anavaa koti lile lile, anasimama pembeni ya fremu, napiga. Neema anachukua video, anaendesha pikipiki na kulalamika, vyote kwa pamoja. Pancha mara mbili. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nyumba ya mwisho ni ya Masatu, mvuvi, mcheshi. Baba yake alikufa maji yeye akiwa mdogo. Ikaletwa fremu, imefutwa vizuri, ina maua ya plastiki. Nikainua kamera. Nikaishusha.

Ni Magesa. Kaka yangu kabisa. Paji lile, masikio yale, bega moja limeshuka. Neema naye aliona, akanikanyaga mguu. Mtu wa kwenye picha anamtazama aliye nyuma ya kamera, kama anajizuia kucheka.

Nikasingizia betri imeisha. Mama yake Masatu alikuwa anaanika dagaa. Alinitazama sana, halafu akatufungashia sato ambao hatukuomba.

Njiani Neema akasema nilichokuwa nawaza mwenyewe: baba alikuwa na nyumba nyingine. Nimemkasirikia mtu ambaye hata simjui.

Jumapili, 7 Septemba
Butiama, baada ya ibada. Mama alikuwa anamenya muhogo. Nilimuuliza bila kuzunguka: kuna picha ya baba Kisorya?

Kisu kikasimama. Kisha akaendelea kumenya na akasema yote, taratibu, kama habari za jirani.

Baba alimpiga picha yule mvuvi. Filamu ikaungua. Kabla hajarudi kumpiga tena, ziwa likamchukua, na mwili haukuonekana. Mjane akaja studio ya baba Bunda kwa miguu, mtoto mgongoni, kuchukua picha ya mumewe. Hawakuwa na kaburi, walau wapate sura. Baba alishindwa kumwambia. Akasema picha bado inasafishwa, aje wiki nyingine. Wale wanaume walilingana umbo. Baba akavaa koti, akasimama mbele ya pazia.

Nikauliza nani alibonyeza.

"Mimi," mama akasema. "Sijawahi kupiga nyingine."

Yaani nyumba nyingine haikuwepo. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipandisha hasira. Miaka yote nazunguka kama kichaa kutafuta sura, na mama anajua ilipo! Hakupandisha na yeye. Alisema tu:

"Ile si yetu, mwanangu. Tuliitoa."

Nimeondoka bila kula.

Jumatano, 10 Septemba
Sijampigia mama. Hajanipigia.

Neema anasema nirudi, nikopi ile picha kwa kamera, dakika moja, nani atajua. Fundi anasubiri mwisho Jumatatu. Magesa anatuma alama za kuuliza tupu. Naitaka ile picha. Naandika hapa ili nisijidanganye: naitaka kuliko kitu chochote.

Jioni, ujumbe wa sauti kutoka kwa Masatu. Amesikia kwa Neema habari za msalaba. Atakuja Butiama na mama yake, na samaki juu. Anasema lazima aje, maana bila baba yangu yeye asingemjua baba yake.

Nimeusikiliza tena na tena. Neema na mdomo wake!

Jumamosi, 13 Septemba
Kisorya, peke yangu. Masatu alikuwa bado ziwani. Mama yake akanipa kigoda, akakaa karibu, akanishika kidevu kama anayekagua mtoto.

"Umemfuata baba yako sura," akasema.

Akanieleza mwenyewe. Mumewe alikuwa na kovu juu ya jicho, la ndoana. Mtu wa kwenye picha hana. Aliliona hilo pale pale studio, amesimama mbele ya baba, bahasha mkononi. Akamshukuru, akaondoka nayo. Machozi yalishamwishia, alisema, na mtoto alikuwa anauliza baba yukoje.

Halafu akaniambia nikiitaka niichukue, ni haki yangu. "Ila Masatu utamwambia wewe. Mimi sitaweza."

Masatu akaingia na harufu ya ziwa, kelele nyingi. Akavaa koti bila kuambiwa. Akakumbatia fremu, akanyoosha kifua, akaniuliza kama wamefanana. Watu wote wanasemaga wamefanana, hasa pua.

Yule bibi, mama yake, alikuwa anaangalia chini.

Nikasema wamefanana sana. Nikapiga.

Jumatatu, 15 Septemba
Picha iko kwenye kompyuta. Masatu na koti, mkononi baba na koti hilo hilo. Nilikata. Nikamwondoa Masatu, nikabaki na baba peke yake, nikamkuza mpaka akajaa. Chai imepoa. Nimesema naye kidogo, kwa sauti. Wateja wasingesikia, nilikuwa nimefunga mlango.

Fundi kapiga saa sita. Nikaangalia ile sura. Nikawaza Masatu anafika Butiama na ndoo ya samaki, anainama kusoma jina, na anamkuta baba yake juu ya kaburi la mtu mwingine.

Nikamwambia fundi aandike jina tu. Kisha nikafuta ile niliyokata. Nikalia vibaya, kwa makelele, makamasi na kila kitu.

Magesa anasema nimemwangusha. Hajui, na sitamwambia. Angetaka haki yake, na angekuwa sahihi.

Jumamosi, 20 Septemba
Msalaba umesimama. Shangazi kanung'unika mbele ya mchungaji kwamba mpiga picha mzima ameshindwa kumletea baba yake picha.

Masatu alifika na mama yake na samaki wake. Aliposhikana mkono na Magesa, hakuuachia. Akamkodolea macho, akasema, "Wewe nimekuona wapi?" Bibi akakaa chini ghafla. Mama naye akaacha sufuria, akamfuata, akakaa pembeni yake. Nilisimama na kamera.

Magesa akasema labda Musoma, sokoni. Masatu akacheka, akasema labda. Wakaenda kuwasha moto.

Wale wanawake wawili walikaa pale muda mrefu. Mama alikuwa amemshika bibi mkono.

Jumapili, 21 Septemba
Nilitoa nakala moja tu, nzima, Masatu akiwemo. Kabla ya kurudi Musoma nikampelekea mama jikoni, imefunikwa kwa kanga. Nikamwambia ni ya mradi, aiweke kwake, asimwonyeshe mtu.

Alijua kabla sijafunua. Alinawa mikono, akaifuta, akakifunga vizuri kitambaa cha kichwa na kuficha mvi zilizotokeza. Ndipo akaipokea.

Aliitazama akiwa amesimama. Akasema alimwambia baba siku ile ainue kidevu, msiba wa watu si wa kuchekea, na yeye akazidi kucheka.

Nikaenda nje kumenya muhogo.