Chozi wa Randburg

Jumamosi, Julai 2011

Kumbe kwa Mama Bijou, kule kwao Bukavu, chozi ni la shavuni tu. Hawajui kwamba ni ndege pia.

Siku tano nimeamka gizani, blanketi mabegani, kumvizia kwenye mshubiri chini ya dirisha. Binti yangu Neema anashikilia kwamba ni hummingbird, amemwona kwenye katuni. Nimemwambia huyo hayupo Afrika nzima, haniamini. Leo nimemwona vizuri: kifua chekundu, mdomo umepinda kama sindano ya magunia. Chozi. Nikataka kujigamba kwa mtu, nikamtumia Mama Bijou wa ghorofa ya chini ujumbe: "Chozi tena leo alfajiri. Siku ya tano sasa."

Saa mbili akabisha hodi na wanamaombi sita na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao.

"Usijifiche, Baba Neema. Hata Yesu alilia."

Nikaeleza. Wakatikisa vichwa: maskini, analia mpaka anamsingizia ndege.

Eish. Wakanishika mabega, wakafumba macho, Neema naye akafumba. Ndipo chozi akatua dirishani, akanitazama. Shahidi sina.

Nikabana kicheko mpaka chozi likanitoka.

"Ndiyo hiyo sasa," akasema Mama Bijou.