Maji ya Kumkanda Kaka

Jumatatu, 7 Julai
"Kidonda kisichouma kinapona." Kasema muuza mizizi, jirani wa kaka Yohana hapa Kongwa. Upuuzi mtupu. Nimemjibu mbele ya watu: sukari ikikaa juu miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya mguu. Hakiumi kwa sababu mguu umekufa ganzi. Na damu haifiki vizuri, kwa hiyo nyama mpya haioti. Kaka kacheka. "Mwandishi wa gazeti kafika. Leo hatuponi!" Wote wakacheka.
Kidonda cha kaka ni cha msumari. Ulipenya katambuga yake ya tairi wakati wa kuvuna mtama. Katembea nao siku mbili. Shemeji ndiye aliyeona damu.

Jumatano, 9 Julai
Kituo cha afya. Sukari iko juu sana. Tabibu kasafisha kidonda, katoa dawa, kasema kisilowe na kaka asikanyage chini. Nimemgombeza kwa kutotupa rufaa ya kwenda Dodoma. Kavumilia. Nitabaki hapa nibadilishe bandeji mwenyewe. Simwamini mtu mwingine.

Jumamosi, 12 Julai
Upepo tangu asubuhi. Kaka analalamika mguu una baridi kama jiwe. Nikakumbuka mama alivyokuwa akitukanda. Nimefunga kidonda kwa nailoni kisilowe. Nikajiona mwerevu. Beseni, chumvi, maji ya chupa ya chai. Mkono sikuutia, nilikuwa nimeshavaa glavu safi za bandeji.
"Yana moto sana, kaka?"
"Ongeza, mdogo wangu. Haya ni ya kunawia."
Nimeongeza. Mara mbili. Kafumba macho kwa raha. Tumezungumza habari za mama hadi maji yakapoa. Siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Jumapili, 13 Julai
Ngozi imetoka na soksi. Malengelenge toka vidoleni hadi kifundoni. Nyama mbichi.
Kaka ananitazama mimi, hautazami mguu. "Mbona unalia? Hauumi."
Niliuuliza mguu uliokufa kama maji yana moto. Mimi.

Jumanne, 15 Julai
Hospitali, Dodoma. Nimegombana na mlinzi, na nesi wa mapokezi, na mtu aliyekalia kiti cha shemeji. Kisha daktari akauliza, kwa upole, nani alimkanda mgonjwa. Nikainua mkono.

Ijumaa, 18 Julai
Vidole viwili vyeusi. Harufu. Shemeji hanilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 21 Julai
Weusi umepanda. Watakata chini ya goti, kesho. Wasipokata, sumu itaingia kwenye damu, atakufa. Nimesoma kila kitu kuhusu jambo hili, sina hoja hata moja ya kupinga.
Muuza mizizi kaja toka Kongwa kumwona. Kashika mkono wa kaka. Nilingoja anikumbushe maneno yangu. Hakunikumbusha.
Kaka katia saini mwenyewe. Kisha: "Usiandike gazetini."
"Sitaandika."
"Uongo. Tangu lini ukanyamaza?"
Tumecheka, wawili tu. Nikatoka nje nikalia ukutani.

Jumanne, 22 Julai
Wamekata. Yuko hai.

Jumamosi, 2 Agosti
Kongwa tena. Kaka anakaa barazani, blanketi mapajani. Kidonda cha mkato kinafunga polepole sana, daktari kasema tuwe na subira. Wageni wanakuja wakiuliza imekuwaje. Anajibu, "Ni sukari tu." Shemeji naye, "Ni sukari." Hata watoto wake wamefundishwa. Hakuna anayenitazama wakati wanasema.
Upepo umetulia leo. Nimekaa karibu naye, tumechambua maharage.
Shemeji, nanyi watoto wa kaka, mkija kuisoma hii: acheni kunifichia. Yeyote mwenye ndugu wa kisukari akifika mlangoni na kuuliza, mwambieni ni maji niliyoyamimina mimi. Mwambieni pia kwamba nilijua mguu ule una ganzi.