Kwenye Unga Huioni Miguu Yako

Jumapili, katikati ya Februari. Thamesmead, huku Uingereza, manyunyu tangu alfajiri, ile mvua ambayo hainyeshi ikaeleweka wala haikatiki.

Sikutoka kitandani mpaka saa tano. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa na usingizi. Nilikuwa nimelala tu nikilitazama begi la safari lililosimama karibu na mlango tangu juzi, bado limefungwa, na kila nikifikiria kulifungua nageukia ukutani.

Nimerudi kutoka milimani. Baada ya mwaka mzima wa kuuguza kifundo cha mguu nilikwenda kuteleza kwenye theluji, na sikuteleza.

Ngoja niandike vizuri, maana nikiliacha hivyo litaonekana jambo dogo.

Kwa anayenisoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni Mwanaidi, nesi, mzaliwa wa Tanga, na kwa miaka kadhaa sasa nina wazimu wa kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu za kufunga miguuni. Sizungumzii zile njia zinazosawazishwa na mashine. Ninachokipenda ni theluji mpya ya nje ya njia, iliyoanguka usiku na haijakanyagwa na mtu, kavu na nyepesi kama sembe. Hata Waingereza wenyewe huiita unga. Nilipoandika kwenye kundi la familia kwamba mwaka huu narudi kwenye unga, kaka yangu alinipigia simu papo hapo kuniuliza nimeanza lini na nani kaniingiza. Alidhani nimekuwa teja. Ilibidi nimtumie picha za mlima ndipo akapumua.

Mama yeye hajali ni unga gani. Anachojua ni kwamba binti yake, mtu mzima mwenye heshima zake, anapanda ndege kwenda kuteleza kwa makusudi, wakati masika yakianza Tanga watu wanateleza bila kutoka mtaani kwao.

Sijawahi kumweleza vizuri kwa nini naipenda. Kazi yangu ni kuzunguka nyumba za wagonjwa, kusafisha vidonda, kuwageuza watu wazito kitandani, kusikiliza habari ambazo wiki iliyopita nilizisikia. Kutwa nzima kuna mtu ananiita. Kule juu hakuna anayeniita. Theluji ikiwa nyingi inameza sauti zote, hata ya skii zako mwenyewe huisikii, unashuka umeelea na mwili hauna uzito. Katika nchi hii nina vitu vingi vya kupewa na vya kupangiwa. Kile ndicho nilichokichagua mwenyewe.

Na sikuvunjika mlimani, hilo ndilo linalonichoma zaidi. Nilivunjika hapa hapa, kwenye ngazi za jengo letu, nikiwa na mfuko wa vitunguu na maziwa. Ngazi ninazozishuka kila siku ya Mungu. Nilikanyaga, na mguu haukuwepo pale ulipotakiwa kuwepo. Nikausikia mfupa kabla sijayasikia maumivu.

Waliniwekea kipande cha chuma na skrubu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mmoja mpole, alinisimamisha kwa mguu mmoja, akanirukisha, akanisukuma begani aone kama nitaanguka, nisianguke. Mwishowe akaniambia nimemaliza, kifundo hiki sasa kina nguvu kuliko kile ambacho hakijavunjika. Nilimshukuru, nikatoka nje, nikashuka ngazi za hospitali nimeshikilia reli kwa mikono miwili.

Lakini lililonifikisha milimani ni neno moja.

Kwetu mtu akikupa pole, unamjibu nimeshapoa. Uwe na homa inayokutetemesha, uwe na plasta mpaka gotini, uwe umefiwa jana: pole, nimeshapoa. Hiyo si ripoti ya daktari. Ni adabu, ni kumwambia mwenzako kwamba huruma yake imefika na aende zake kwa amani. Bibi yangu aliyenilea angenifinya kama ningejibu vingine.

Rafiki yangu Wanjiru ni Mkenya, wa Nakuru. Tuliwahi kufanya kazi wodi moja, na ndiye aliyenivuta kwenye skii mara ya kwanza, wakati ambapo mimi nilidhani theluji ni kitu cha kutazamwa dirishani. Nilipovunjika alikuwa akija na ndizi zake na chapati zake, na kila akiingia alinipa pole. Nami nikamjibu nimeshapoa. Natembelea magongo, nimeshapoa. Siwezi kusimama nikamaliza kupika wali, nimeshapoa. Sasa kwao Nakuru ukipewa pole unasema asante, basi. Hilo sikulijua. Yeye naye hakujua la kwetu, kwa hiyo aliyachukua maneno yangu kama yalivyo. Alikuwa akiwaambia wenzake wodini kwamba Watanzania tuna mifupa ya ajabu.

Safari ya Februari ilipopangwa akaniwekea nafasi bila hata kuniuliza. Angeniuliza nini, wakati nilikwisha kumjibu mara nyingi hivyo? Alinipigia simu na furaha imemjaa, nami nikashindwa kumkatisha. Nisijitetee pia: nilitaka kwenda. Nilijiambia mwili utakumbuka wenyewe ukifika.

Siku za mwanzo tulishuka kwenye njia zilizosawazishwa na nilikuwa sawa. Mguu ulitii. Wanjiru akanipiga picha, nikaituma kwa Mama, Mama akajibu kwa kuniombea dua ndefu. Kisha theluji ikaanguka usiku kucha. Tulipoamka ilikuwa imefika kwenye vioo vya madirisha, anga imefunguka, bluu tupu, na watu hotelini wanacheka ovyo kama siku ya sikukuu. Kiongozi wetu, Mfaransa mmoja wa makamo, akatupeleka nje ya njia mpaka ukingoni mwa mteremko ambao haukuwa na alama hata moja.

Nimeuota mteremko ule mwaka mzima. Nikiwa kitandani na mguu umeinuliwa kwenye mito, nilikuwa nafumba macho nashuka pale.

Wanjiru alikwenda wa kwanza, akipiga vigelegele. Wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka wakawa vidoa chini kabisa. Nikabaki na kiongozi. Nikainama kutazama. Skii zangu zilikuwa zimezama. Viatu navyo vimezama. Miguu yangu ilikuwa inaishia chini kidogo ya magoti.

Kwenye unga huioni miguu yako. Unaiamini tu.

Zamani sikuwahi hata kulifikiria hilo. Sasa nilisimama pale nikaona ngazi za jengo letu, ile hatua moja ambayo haikuwepo, na nikazichomeka fimbo zangu zote mbili mbele yangu. Kiongozi alinisemesha taratibu. Alinionyesha pa kugeukia, akashuka hatua chache, akaninyooshea fimbo yake. Nilimwambia nakuja. Nilimwambia tena nakuja. Nadhani alielewa kabla yangu, kwa sababu alipanda akarudi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mlima hauendi popote, na tukarudi kwenye njia kwa hatua za ubavu, mimi mbele, yeye nyuma.

Nilishuka kwa lifti, vile viti vinavyoning'inia kwenye waya. Lifti ya mlimani ikishuka na mtu, wanaopanda upande wa pili wanamtazama usoni, kiti baada ya kiti. Wengine walidhani nimeumia, wakanipungia mikono kwa huruma.

Nilitamani niwe nimeumia.

Siku zilizobaki nilikaa mgahawani na kitabu ambacho sikukisoma. Wanjiru hakunisema mbele za watu, ila nilimwona anakaa kwenye meza yetu kama mtu aliyedanganywa na hajui adai wapi. Tulikuja kuzungumza kwenye ndege tukirudi. Alinipa pole, nami, mdomo ukiwa umeshajitanguliza, nikamjibu kama kawaida. Hapo ndipo alipogeuka.

"Si ndivyo huwa unaniambia?" alisema. "Mwaka mzima nakupea pole, mwaka mzima unasema umepoa."

"Ni jibu tu, Wanjiru. Kwetu ukipewa pole ndivyo unavyojibu."

"Hata kama hujapoa?"

"Hasa kama hujapoa."

Alitazama nje ya dirisha. Kisha akasema polepole, "Sasa mimi ningejuaje? Nimekuwa happy mwaka mzima juu ya mguu bado mgonjwa."

"Mguu umepona," nikamwambia. "Ni mimi."

Sikuwahi kulitamka kabla ya hapo. Lilipotoka nikaona aibu, nikajifanya natafuta maji kwenye mkoba.

Kuna bibi mmoja wa Kiingereza ninayemtembelea, mjane, aliyevunjika nyonga akiwa bafuni kwake. Nyonga imeunga siku nyingi. Kila wiki nilikuwa namwambia hivyo, na kila wiki ananijibu kwamba anajua, na bado haweki mguu bafuni mpaka mtu awe amemshika. Nilikuwa nikitoka kwake natikisa kichwa. Juzi nilipotua Heathrow nilimkumbuka nikiwa kwenye ngazi za umeme, nimeshika mkanda kwa mikono miwili huku watu wananipita na mabegi yao. Kesho nikienda kwake sijui nitamwambia nini. Labda nitamshika tu.

Leo mchana Wanjiru alinipigia akitoka kanisani. Kuna safari nyingine mwishoni mwa msimu, kabla theluji haijaharibika, na nafasi yangu ipo. Kuna mwenzake wa wodini anaitaka. Hakunisukuma. Aliniomba tu nimjibu kweli, nisimjibu kwa adabu, na kwa jinsi alivyolisema nilijua amelifikiria neno hilo tangu kwenye ndege.

Nikamwambia ampe.

Nilisikia watu wanaagana nyuma yake, mtu anacheka, mlango wa gari unafungwa. Akasema, "Sawa, dada," na Wanjiru hajawahi kuniita dada, huwa ananiita Mwanaidi au ananiita kichwa ngumu.

Nilidhani nikishasema hivyo nitapata nafuu. Sikupata. Niliketi pembeni ya kitanda nikahisi nimetoa kitu ambacho hakuna atakayenirudishia, na kwamba nimekitoa kwa hiari yangu, nikiwa na akili zangu timamu na miguu yangu yote miwili.

Baadaye kidogo ukaja ujumbe wake. Niliona aibu yake katika namna alivyouzungusha: yule mwenzake mguu wake ni namba sita kama wangu, na hana viatu vya skii. Kama vyangu vitakaa tu, je, angeweza kuviazima? Nikajibu avichukue, tena nikaweka na kapicha ka ua. Ndivyo nilivyo. Naweza kukubali kuzikwa ili mradi aliyeuliza ameuliza kwa upole.

Basi ndipo nikalifungua begi. Viatu vilikuwa chini kabisa, bado vina unyevu. Watu wasiovijua hudhani ni viatu vya kawaida. Ni vigumu, vya plastiki, vinafika katikati ya muundi, na ndani vinakandwa kwa joto vifuate umbo la mguu wa mwenyewe. Vyangu, baada ya kuvunjika, nilivipeleka dukani fundi akakikanda upya cha kulia, akakitengenezea kishimo kidogo pale skrubu inapotokeza chini ya ngozi. Yule mwanamke atakapovivaa atahisi mwanya pale na hatajua ni wa nini.

Nilivifuta, nikavikausha kwa mashine ya nywele. Halafu, sijui ni kwa nini, nikavivaa.

Nilikaza vibano vyote mpaka cha juu. Nikasimama jikoni, nimevaa kanga na viatu vya skii, kati ya friji na meza. Nikakunja magoti. Nikahamishia uzito kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Nikaegemea mbele mpaka kisigino kikataka kunyanyuka. Nikakaza zaidi. Nikasubiri.

Hakiumi.

Kifundo hakiumi hata kidogo. Kingeuma ningekuwa na la kumwambia Wanjiru, na Mama, na yule kijana wa mazoezi aliyefurahi nilipomaliza. Ningesema jamani, si mnaona, bado. Lakini kilikaa mle ndani kimetulia, imara, tayari kwenda kokote nitakakokipeleka, na hakuna ninakoweza kukipeleka. Nililia nimesimama, maana ukiwa umevaa viatu vile hata kukaa sakafuni ni kazi.

Sasa vipo mlangoni, kimoja kando ya mwenzake, vimefutwa vinang'aa. Wanjiru atapita kesho asubuhi kuvichukua kabla ya zamu yake. Akigonga sijui kama nitamfungulia, au nitakaa kimya huku jikoni nijifanye nimeshatoka.