Vitunguu vya Mgeni wa Kupita

Mjukuu wangu Salim,

Asalaam alaikum. Huku Old Kampala hatujambo. Macho yangu yamechoka, kwa hiyo mdogo wako Zuhura ananiandikia akitoka shule.

Unauliza kama zile saa chache za kungoja ndege Entebbe zinatosha kuja kutuona. Nilipokuwa msichana, shangazi yangu alipita hapa vivyo hivyo, akielekea Juba. Mama alimketisha sebuleni, kisha sote tukakimbilia jikoni kumpikia pilau, maana mgeni haondoki bila kula. Punde shangazi akatokea mlangoni.

“Wifi, mgeni haingii jikoni!” Mama akamaka.

“Mgeni ni wa kulala. Mimi ni wa kupita. Nipe kisu.”

Akavuta kigoda, akamenya vitunguu nasi, machozi yakimtoka kwa vitunguu na kwa kicheko. Aliondoka pilau haijaiva, na Mama alisikitika sana. Sikumwona tena shangazi, lakini kicheko kile ninacho hadi leo.

Najua foleni ya kurudi Entebbe inakutia hofu. Njoo tu, hatutakuchelewesha. Pilau tutapika mapema. Vitunguu vya kachumbari tutakuachia wewe.

Bibi yako