Ngozi ya Fahali Mwekundu

Ijumaa, 14 Novemba

Kathmandu! Nimefika, miguu imevimba, viatu havivuliki. Jonathan wangu kanipokea uwanjani. Kakonda. Nyuma yake huyo binti anayetaka kumwoa, Sunita, mwongoza watalii. Akaunganisha viganja, akainama: "Shikamoo, Mama Jonathan." Kafundishwa! Nikaitika marahaba kwa sauti ya kanisani. Sikucheka. Sikuja kucheka, nimekuja kumwona. Mdogo wangu Mayala yuko Kiseke, Mwanza, anasubiri neno langu. Nikikubali, ng'ombe wa mahari wanatengwa. Nikikataa, Jonathan atafute kwetu.

Ngoma imefika salama. Mayala kaiwamba mwenyewe kwa ngozi ya yule fahali mwekundu tuliyemchinja Jonathan alipomaliza chuo. Ni zawadi ya kumpa baba yake binti. Jonathan hajui hata kama ngozi ile ilitunzwa. Heshima kubwa kuliko hiyo kwetu sijui.

Jumamosi, 15 Novemba

Jonathan yuko kazini, Sunita kanizungusha. Kiingereza changu cha shule, Kiswahili chake cha Jonathan — tunaelewana.

Swayambhu kwanza, hekalu la kilimani. Ngazi hizo! Nimepanda na rozari mkononi, naomba pumzi tu. Tumbili wamejaa. Mmoja kanipokonya chungwa bila hata hodi. Juu kuna kuba jeupe, na macho makubwa yamechorwa, yanatazama mji mzima. Nikasema macho yale yangetufaa sokoni Mkuyuni, wezi wangekoma. Sunita akacheka mpaka akakaa chini.

Boudha. Kuba kubwa zaidi, watu wanalizunguka wakisali. Na mimi huyo, nikazunguka — kinyume! Nagongana na vibibi, samahani, samahani. Sunita akanishika kiwiko polepole, akanigeuza, bila kunitia aibu. Hilo nimeliona. Nikaendelea na umati, nasali Salamu Maria kimyakimya. Paroko asijue.

Mwisho Pashupati, hekalu la mtoni. Sisi wageni tunatazama kutoka ng'ambo. Wanachoma maiti pale pale ukingoni, wana wa marehemu wamenyoa vichwa. Hata kwetu wafiwa hunyoa. Nikamkumbuka baba Jonathan, nikalia. Sunita akanishika mkono.

Tukitoka, ng'ombe kalala katikati ya barabara, pikipiki zinamkwepa. Mnono! Nikasema, huyu kwetu angeliwa arusini. Sunita akanieleza taratibu: kwao ng'ombe ni mama, hachinjwi, haliwi. Hekaluni hata mkanda wa ngozi hauingii.

Nikamuuliza, na ngoma je? Akasema za baba yake ni za mbuzi. Akanitazama. Nikaanza kusifia maua.

Jioni nikamuuliza Jonathan mbona hakuniambia mambo ya ng'ombe. Eti alisahau. Alisahau! Ngoma sikuitaja. Nimeifunika kwa khanga, itarudi Mwanza.

Jumapili, 16 Novemba

Naandika chooni kwa wazazi wa Sunita. Ndiyo, chooni!

Ngoma niliiacha nyumbani makusudi. Jonathan kaiona, kadhani nimesahau, kaileta. Leo ndiyo kakumbuka kitu, jamani!

Baba mtu kaipokea kwa mikono miwili. Kumbe ni mpiga ngoma wa hekalu la mtaani kwao. Akaipiga, mama mtu akapiga makofi, hata mimi mabega yakaanza kucheza. Akasema jioni ataipeleka hekaluni wote waisikie. Halafu akaipapasa ngozi kwa kidole gumba, akauliza kitu. Sunita hakutafsiri. Akaniangalia mimi. Nikaomba choo.

Nikisema mbuzi, mzee wa watu ataingiza ng'ombe hekaluni kwa mikono yake. Nikisema kweli, huenda tukafungashiwa virago, sisi na posa yetu. Na mimi huyu binti namtaka! Nilikuja kumpima, sasa naogopa kukataliwa. Mayala keshapiga simu, sikupokea. Nimwambie nini?

Hodi. Ni Sunita, ananong'ona mlangoni: "Mama, baba anauliza tena. Niseme mbuzi?"

Mama. Leo si Mama Jonathan. Na yuko tayari kumdanganya baba yake kwa ajili yangu.

Sebuleni ngoma imenyamaza.

Nimemjibu: "Hapana, mwanangu. Usiseme kitu. Natoka."