Dakika Kumi na Mbili kwenye Tundu la Kushoto

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, chumba namba 3. Jumatano, tarehe 19 Machi, saa 5:40 asubuhi.

Jina: hujulikana kama Fundi Koleo. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa kompyuta. Makazi: chumba cha nyuma ya duka langu, mtaa wa pili kutoka stendi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na chai tumboni.

Mtuhumiwa, Mama Pacha, ni mhariri wa video katika studio iliyo ghorofani, juu ya duka langu. Sisi wawili hatupikiki chungu kimoja, na mtaa mzima unajua. Nalitaja hilo mapema isije kusemwa nimekuja kumbeba.

Mnamo tarehe 17 Machi, mwenye studio alinisimulia kuwa picha ghafi za tamthilia yao mpya, gigabaiti mia nne, zimekutwa kwa washindani wao. Kamera ya mlangoni ilimwonyesha Mama Pacha akiingia peke yake Jumamosi saa 7:10 mchana na kutoka saa 7:22, diski ya nje mkononi. Mwenyewe alisema alichukua video ya siku ya kuzaliwa ya wanawe, basi. Mwenye studio hakumwamini. Alisema kompyuta mpakato ya studio ina tundu la kasi upande wa kushoto, linahamisha mzigo wote huo kwa dakika tano, kwa hiyo dakika kumi na mbili zinatosha na chenji inabaki. Siku hiyohiyo Mama Pacha akawekwa ndani.

Nilirudi dukani nikakaa, kazi haziendi. Tundu lile nililitengeneza mimi, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, baada ya mtu kujikwaa kwenye waya likang'oka. Ndani yake mna pini nyembamba kama unywele. Zile zinazobeba kasi, njia zake zilikuwa zimekatika. Niliunga za kuchaji na za mwendo wa kawaida, nikachomeka kipanya, kikacheza, nikafunga mashine na kusema imepona. Kipanya hakihitaji kasi. Nilijua hivyo, ila nilikuwa na mashine sita mezani zinanisubiri.

Mama Pacha alikuja mara tatu kulalamika kuwa kunakili kazi kunamla nusu siku. Mara ya tatu nilimwambia mbele ya wateja kwamba mashine ni nzima, mgonjwa ni mtumiaji. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuwazidi. Nikikumbuka sasa naona haya.

Leo saa 3:00 asubuhi nimekuja kituoni kwa miguu yangu nikamweleza afande yote hayo. Aliniambia, "Fundi, maneno matupu hayamtoi mtu ndani. Nionyeshe."

Mashine ilikuwa hapa kama kielelezo. Mwenye studio aliitwa, akaleta diski mpya ya aina ileile. Tulichomeka waya upande wa kushoto, afande akashika saa. Dakika kumi na mbili zilipokwisha, zilikuwa zimehamia gigabaiti ishirini na nane. Tulijaribu na matundu ya kulia, ambayo tangu kiwandani ni ya mwendo wa kawaida, mwendo ukawa uleule. Afande alipiga hesabu nyuma ya bahasha: mzigo mzima ungehitaji karibu saa tatu.

Mwenye studio akasema, "Nimemfungia mama wa watu bure." Nani aliyevujisha picha zile sijui.

Mama Pacha alitolewa saa 5:15. Nilimwambia kosa ni langu, yeye alikuwa sahihi tangu mwanzo. Alinitazama sana. Hakunishukuru, wala sikutegemea. Aliomba simu akampigia mumewe: "Usiwapeleke watoto kwa bibi yao. Nakuja kuwaogesha mwenyewe."

Jina langu mtaani litachafuka kidogo, lakini nimefurahi, nasema wazi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Ofisa aliyeandika: Maelezo yamechukuliwa nami na kusomwa kwa shahidi. Kabla ya kuondoka, Mama Pacha alidai shahidi aandike siku ya kurekebisha tundu. Shahidi ameandika: kesho, saa 2:00 asubuhi, na Mama Pacha mwenyewe awepo kupima. Nimeshuhudia.