Kifua cha Kuazima

Baba Ilunga, mume wangu,

Leo sikuiti mpendwa. Mpendwa nilikuita siku ya mazishi, mbele ya padri na watu wa kambi ya mgodi, na yatosha. Nina hasira nawe, na kwa kuwa huwezi tena kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kwenye mashine ya kusaga mawe, nyusi nyeupe kwa vumbi, ukinicheka nilivyokufuata na beseni la maji? Nilikupenda ukicheka. Kisha kicheko kikaanza kuishia kwenye kikohozi, na kikohozi kwenye kitambaa chenye damu ulichokificha chini ya godoro, kana kwamba si mimi niliyetandika kitanda.

Likaja tangazo kwamba wafanyakazi wote watapigwa picha ya kifua. Tulijua sote: anayekutwa na ugonjwa wa vumbi anarudishwa kijijini, anapoteza nyumba na posho. Nikakusihi turudi, kwa dada yangu kuna shamba. Wewe ukamwita mdogo wako Kasongo, mgeni mjini, mwenye afya tele, ukamvika shingoni kibati chenye namba yako ya kazi.

"Bazungu banaangalia namba, habaangalie sura," ukaniambia.

Kweli, hawakuangalia. Kasongo alirudi na habari kwamba kifua chako ni kizima, mkanywa pombe ya mahindi, na kesho yake ukarudi kwenye vumbi ukipiga mluzi. Mjinga wee. Daktari ulimdanganya, mapafu je?

Majirani wakaiga. Huyu akampeleka shemeji yake, yule mwanawe. Kwenye makaratasi kambi yetu haina mgonjwa, lakini asubuhi kabla ya king'ora ni kukohoa nyumba hadi nyumba, nasi wanawake tunapepea moto kimya, maana kulalamika ni kumfukuzisha mumeo. Wakubwa wa kazi waliofanya ugonjwa kuwa kosa siwasamehe. Lakini wao hawakulala kitandani kwangu.

Ulipokufa, Kasongo alipewa kazi yako na nyumba hii, nasi tukabaki kwake. Sasa naye amekonda shingo. Jumapili, baada ya misa, aliketi kwenye kiti chako, akakohoa kwanza, akatoa kibati chake. Picha zinapigwa tena.

"Mama Ilunga, unipatie mutoto, siku moja tu. Ye iko na kifua muzuri."

Ilunga wetu, aliyeanza juzi tu kujifunza useremala, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Ndivyo ulivyomlea, asimnyime ndugu kitu. Nikakinyakua kile kibati, nikamvika Kasongo mwenyewe shingoni. Alilia. Nami nililia, lakini sikukivua.

Amepigwa picha jana, kwa kifua chake mwenyewe. Nimeanza kufunga mizigo. Nyumba tunaipoteza, ndiyo, ila tunampeleka kijijini akitembea kwa miguu yake. Wewe pia ningekupeleka hivyo. Ulininyima.

Lala, basi. Bado nina hasira.

Mimi mkeo,
Mama Ilunga